Samaki wa Mgunga, Samaki wa Matimba

Ukitaka kuokota ukuni Shinyanga, uliza kwanza ni wa nani.

Pwani nilikozaliwa hatuulizi. Pangani mto na bahari hutupa ufukoni magogo, mizizi ya mikoko na mbavu za majahazi yaliyokwisha zamani, na anayewahi huchukua. Zanzibar na Lamu wapo mafundi wanaoishi kwa mbao hizo. Wanazigeuza meza, fremu za vioo na samaki wa kutundika ukutani, na watalii wanazipenda kwa sababu bado zina matundu ya misumari na mabaki ya rangi ya chombo. Nami nilianza kuchonga samaki kwa njia hiyo, kwa kujifurahisha, baada ya kufundishwa kushika patasi na jirani yangu Mmakonde aliyekuwa akifanya kazi Mwenge, Dar es Salaam. Kilichonipeleka Usukumani ni udadisi tu: katika nchi ya mbuga, ng'ombe na machimbo, mtu angechonga samaki gani, na kwa mti upi?

Mjini Shinyanga ziwa halionekani, lakini lipo. Limo bombani, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria husukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Lipo na sokoni: dagaa wa kupimwa kwa kopo, sangara waliokaushwa kwa moshi, sato waliosafiri usiku ndani ya barafu. Kando yao wapo kambare, na hao si wa ziwani peke yake. Muuzaji mmoja aliniambia wake wametoka lamboni, akataja na kijiji. Nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke huko kesho yake.

Ardhi ile ina sababu ya kuhesabu miti yake. Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1940 vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa mpango wa serikali ya mkoloni ili kuwanyima mbung'o kivuli. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa papo hapo Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o walipungua kweli. Wakaongezeka ng'ombe, ikaongezeka pamba, vikaja vijiji vya Ujamaa, na kila kimoja kikadai nafasi yake na kuni zake. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa mwaka 1984 aliona nchi inayogeuka jangwa. Miaka miwili baadaye ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu anauita HASHI.

HASHI haikuleta kitu kigeni. Iliwarudisha watu kwenye ngitili, eneo la malisho ambalo Wasukuma walikuwa wakilitenga tangu zamani. Mvua zikianza hufungwa, majani yakue. Kiangazi kikikaza hufunguliwa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Sheria zake husimamiwa na dagashida, mkutano wa wanakijiji, na anayeingiza mifugo wakati wa kufunga hutozwa faini. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta mia chache. Haikupita miaka ishirini zikavuka hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu, bali ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi muda wote ambao watu walidhani pamekufa.

Ngitili niliyopelekwa ni ya familia moja. Ina migunga, mikwaju michache, na korongo lililochimbwa na maji ya mvua zamani kabla majani hayajarudi. Ndani ya korongo hilo ndimo nilimouona mzizi. Ulikuwa wa mgunga, umefukuliwa na maji, umepigwa jua miaka mingi hadi ukawa wa kijivu. Upande mmoja ulikuwa mpana na bapa, kwato za ng'ombe zilikuwa zimeulainisha; kutoka hapo ukapungua taratibu kwenda mkiani, na penye ubapa ule ilining'inia mizizi midogo migumu. Kambare ana ndevu nane. Mzizi ule ulikuwa na sita.

Mwenye ngitili ni bibi mmoja mrefu aliyekuwa akianika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwangaluka, mayu." Akaitika, akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za wazazi wangu, na mvua za kwetu. Hayo yalipokwisha ndipo akautazama mzizi mkononi mwangu.

"Mwanangu, ukuni huo unapika ugali wa siku mbili. Wewe utaupikia nini?"

"Nataka kutoa kambare, mayu."

"Kambare namjua. Mvua ikinyesha usiku hutoka lamboni akatembea kwenye majani, watoto wanamwokota. Huo ni mzizi."

Nikauinamisha, nikamwonyesha kichwa, ndevu, mgongo. Aliutazama kwa muda. Kisha akasema ndevu zimepungua, na kwamba kama ni lazima niuchukue, basi nimletee mzigo wa kuni wa ukubwa uleule, si fedha. Kijana wa bodaboda alikwenda kununua mzigo huo barabarani. Biashara ikaisha kwa michembe na karanga, nami nikapewa na mtendaji wa kijiji karatasi yenye muhuri inayosema mzizi mmoja umetoka kwa mwenyewe kwa ridhaa yake.

Niseme kidogo kuhusu mti wa namna hii, maana wengi wanaouona ukutani wanadhani ule ukijivu umepakwa. Jua ndilo linaloupaka. Mwanga wake mkali huvunja gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, mvua huiosha, zinabaki nyuzi tupu zenye rangi ya majivu. Lakini hiyo ni ngozi tu. Ukipitisha randa mara moja, mti wa chini hutokea na rangi yake ya siku ulipokatwa, na kazi ya miaka mingi imekwisha kwa pigo moja. Kwa hiyo mchongaji wa mti mkavu hana uhuru alionao anayechonga gogo bichi. Anatafuta mahali pachache pa kugusa, huenda mdomo, mstari wa shavu, au ukingo wa pezi, na pengine pote anapaacha. Mchwa nao wameshamsaidia: wamekula sehemu laini za nje na kumwachia kiini kigumu. Kifundo cha tawi kilichoanguka hugeuka jicho. Kisiki cha tawi ni pezi, na tagaa ni mkia. Kwa kiasi kikubwa kazi yenyewe ni kugeuzageuza mti mkononi, juu chini, mbele nyuma, hadi samaki aonekane au mti urudishwe chini.

Wamakonde wanaijua kazi hiyo kuliko sote. Mtindo wao wa shetani, wenye viungo vilivyopinda kufuata mti ulivyopinda, kwa kawaida unahusishwa na mchongaji aliyehamia Dar es Salaam kutoka Msumbiji katika miaka ya 1950. Jina lake Samaki Likankoa, na jina hilo sikulibuni mimi kwa ajili ya makala haya. Inasimuliwa kwamba kinyago chake kimoja kilivunjika, na mfanyabiashara Mohamed Peera badala ya kukikataa akamtia moyo aendelee kuchonga vya namna ile. Tangu hapo mpingo uliopinda haukuwa tena mpingo mbovu.

Mwadui iko karibu na mji wa Shinyanga, nami nikiwa ndani ya gari la kwenda Kahama niliifikiria almasi yake mashuhuri. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliugundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka pale jiwe la waridi la karati 54.5, Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Lilipochongwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iligeuka vumbi ili lipate sura ambayo watu walikuwa wameitaka kabla hawajaliona. Sisemi sonara alikosea. Almasi haing'ai bila kukatwa. Ila nilifurahi kwamba mimi nimebeba mzizi.

Kahama tulifika jioni. Kwenye kizuizi cha njiani mkaguzi alikuwa ameuliza mzigo wa mti ule ni wa nini, kwa sababu mazao ya misitu hayasafirishwi hivi hivi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka vibali. Nikatoa karatasi ya mtendaji. Aliisoma yote, akaushika mzizi, akaupima uzito, akaniuliza: "Kambare huyu umemchonga wewe?" Nilikuwa sijaugusa kwa chuma. Nikachukulia hiyo kuwa hukumu, na tangu siku hiyo sijamwongezea kambare yule zaidi ya mdomo na macho mawili madogo.

Kutoka Kahama barabara inapita Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, kisha inaingia Geita. Malori, vumbi jekundu, pikipiki zilizobeba mapipa, watu wenye viatu vilivyoganda tope jeupe la mwamba. Nilikuwa nakwenda Nyarugusu kwa wachimbaji wadogo, nikimfuata ndugu wa rafiki yangu ambaye ana hisa katika duara moja.

Anayeijua dhahabu kwa kuiona dukani hawezi kuamini kiasi cha miti inayoteketea kwa ajili yake. Duara la mchimbaji mdogo huteremka wima, na ili kuta zake zisimwangukie mtu hushikiliwa na matimba: magogo yaliyopangwa kwa mraba, moja juu ya jingine, kutoka mdomoni hadi mwamba mgumu unapoanza. Mashimo yakiwa mia, matimba ni maelfu. Zamani yalitoka kwenye misitu ya miombo iliyo jirani, na msitu ukasogea mbali. Siku hizi mikaratusi na misindano ya kupandwa inachukua sehemu ya mzigo huo. Timba likiwa chini, gizani na katika unyevu, halizeeki sawa na mti ulio juani. Linakuwa jeusi, linalainika nje, na mahali palipogandamizwa na mwamba linabonyea. Duara likikauka, yaani dhahabu ikikata, matimba yanayoweza kung'olewa hung'olewa, mazuri huenda kwenye duara jingine na mabovu huenda jikoni kwa mama ntilie. Hakuna linalolala.

Nilichokitaka mimi kilikuwa juu ya ardhi. Mdomoni mwa duara moja lililofungwa palikuwa na gogo la kuzungushia kamba, lile linalolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda ili kupandisha na kuteremsha ndoo za mawe na, mara nyingi, watu. Lilikuwa refu na jembamba, na kamba ilikuwa imelikwangua mifereji ya kulizunguka, mmoja wenye kina kuliko mingine karibu na ncha. Nililigeuza mara moja tu. Alikuwa kamongo: mwili mrefu usio na kiuno, mkia uliochongoka wenyewe, na mfereji ule wa kamba ulikaa pale pale penye shavu.

Kamongo ni samaki wa ajabu kwa yeyote asiyemjua. Ana mapafu, hivyo hulazimika kupanda juu kuvuta hewa, na mapezi yake manne ni nyuzi tu, hayafanani na pezi la samaki yeyote mwingine wa ziwani. Kinamasi kikikauka hujichimbia matopeni, akajifunika kwa utelezi wake unaokauka na kumwachia tundu la pumzi, akangoja mvua.

Vijana waliokuwa wamekaa kivulini waliniuliza nalitakia nini gogo lile. Nikawaeleza. Mmoja, ambaye wenzake walikuwa wakimwita Dogo ingawa alikuwa na mvi, akalitazama akacheka.

"Kamongo kweli, mkuu. Ila yeye anajizika bure. Sisi tunajizika kwa asilimia."

Wakaanza kubishana juu ya asilimia zenyewe: mwenye eneo anachukua ngapi, mwenye duara ngapi, mfadhili aliyetoa chakula na matimba ngapi, na kinachobaki kinagawanywaje kwa walioshuka. Ubishi ulinichukulia mchana wote na sikujuta kuusikiliza. Kwa gogo, mwenye duara alitaka elfu kumi. Nikalipa. Mama ntilie aliyekuwa amelitolea macho tangu wiki iliyopita hakunisamehe hadi nilipoagiza chakula cha watu wanne.

Kulikuwa na mti mwingine pale, mzuri kuliko gogo langu. Ulikuwa ubao mpana uliolala karibu na karasha la kusagia mawe, umemomonyolewa na maji na mchanga hadi nyuzi zake zikasimama katika mistari ya mawimbi madogo, na katikati una kifundo chekundu. Sato mtupu. Hata mapezi ya mgongoni yalikuwepo. Juu yake yalikuwa yamekaa mabeseni ya kuchanganyia zebaki.

Wachimbaji hutumia zebaki kwa sababu inaikamata dhahabu iliyotawanyika kwenye mchanga uliosagwa. Kisha donge linachomwa, zebaki inapaa kuwa mvuke, dhahabu inabaki. Kinachopaa kinashuka mahali. Kinachomwagika kinaingia mchangani, mtoni, na mwisho wake ziwani, ambako vijidudu vya matopeni hukigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini mwa samaki. Wadogo huliwa na wakubwa, na kila ngazi sumu inaongezeka. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki, ambao Tanzania nayo imeuridhia, umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 madaktari wakatambua ugonjwa wa watu waliokuwa wamekula samaki wa ghuba ile. Ubao uliokunywa zebaki haupigwi msasa, kwa kuwa vumbi lake linaingia kifuani. Wala hautundikwi chumbani, na kuupeleka jikoni ndiyo mbaya kuliko yote. Niliwaambia hilo la jikoni, na Dogo akaniambia wanalijua. Ubao ule hauchomwi, unasubiri kukaliwa na mabeseni mengine. Sato yule bado yuko Nyarugusu.

Geita mjini sikukaa. Ni makao makuu ya mkoa tangu mkoa wenyewe uanzishwe mwaka 2012, na mgodi mkubwa wa AngloGold Ashanti umekuwa ukichimba tangu 2000 mahali ambapo wakoloni walianza kuchimba katika miaka ya 1930 na kazi ikasimama 1966. Soko la dhahabu lililofunguliwa 2019 lina mizani, makamera na walinzi. Nilinunua patasi ndogo na jiwe la kunolea dukani, nikapanda gari la Nkome.

Nkome ni ziwa lenyewe. Gari liliposhuka niliona kwanza miti, baadaye maji. Ilikuwa miti iliyosimama majini mbali na ufuko, mikavu, mieupe, haina jani, na ndege weusi juu yake. Mwaka 2020, baada ya mvua zisizokoma, Ziwa Victoria lilipanda kupita kipimo cha 1964 kilichokuwa rekodi, likala mashamba, vibanda na barabara za ufukoni katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Maji yalipopungua miti iliyozamishwa ilikuwa imeshakufa. Inaangukia majini kidogo kidogo, mawimbi yanaisugua kwenye mawe, na upepo unaileta mwaloni. Hapa hatimaye palikuwa na mti wa kuokota, nilidhani. Nao ulikuwa na wenyewe. Wakaushaji wa sangara wanahitaji moto wa moshi mchana kutwa, na kila gogo linalogusa mchanga lina mtoto anayelikimbilia.

Fundi mitumbwi wa pale, mzee mwenye tezo aliyoirithi kwa baba yake, alikuwa na mapatano na watoto hao. Wakipata gogo lililopinda wanampelekea yeye kwanza. Asipolitaka ndipo liende kwenye moshi. Alikuwa akijenga mtumbwi wa mbao, ameshatoboa mistari ya misumari, anaziba viungo kwa pamba na kugongelea juu yake vipande vya bati. Samaki huwachonga mbalamwezi ikiwa kubwa. Dagaa hufuata taa za wavuvi usiku wa giza, hivyo mwezi ukijaa mwalo wote unapumzika, hakuna anayeleta mtumbwi kutengenezwa, na mikono ya fundi inakosa kazi.

"Nilianza na kibao cha kibanda cha mke wangu," aliniambia. "Wenzake wote waliandika 'samaki wapo'. Nikamwambia, weka samaki mwenyewe. Asiyejua kusoma naye ana njaa."

Wateja wakafuata samaki, na wenye vibanda wengine wakaja kuagiza wao. Nilimweleza kwamba kabla ya safari hii nilipitia Bujora, Kisesa, kwenye jumba la makumbusho ya Wasukuma lililoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, na huko nikaona habari za masanamu ambayo vikundi vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilikuwa vikiyatoa uwanjani wakati wa mashindano ili kuvuta watu upande wao. Mengi hayakuwa laini; mti uliachwa na ukali wake, maana sanamu lilitakiwa lionekane kwa mbali. Fundi alisikiliza akiwa anagonga msumari. "Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Ngoma au ugali, watu wavutwe."

Alinionyesha alivyo navyo. Ningu mmoja wa tawi jembamba. Gogogo mwenye miiba aliyoifanya kwa misumari ya zamani. Misumari hiyo ilikuwa bado imo katika ubao wa mtumbwi mkuukuu, na kutu ilikuwa imekutana na utomvu wa mti ikauchora mwili mzima michirizi ya bluu-nyeusi ambayo hakuna rangi ya dukani ingeifikia. Na sangara. Huyo alitokana na shina la mti uliozama, lenye nundu mgongoni na bonde nyuma ya kichwa, na sangara ndivyo alivyo hasa: paji limebonyea, mgongo umepanda ghafla. Fundi alikuwa amechonga mdomo, ametenganisha mapezi mawili ya mgongo, ameuzungusha mkia ukawa duara, basi. Ubavu wote aliuacha na weupe wa jua. Kwenye jicho alikuwa ameacha kifundo cha manjano, na sangara halisi jicho lake huwaka manjano.

"Sentimita 62," alisema kwa fahari. "Nilipima. Chini ya 50 ni kosa kisheria, hata kama ni wa mti."

Mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alitutania kwa kuuliza bondo lake liko wapi. Hilo si swali la mzaha mtupu. Bondo la sangara, ule mfuko wa hewa tumboni mwake, hukaushwa na kusafirishwa hadi China, na bei ya kilo yake inaiacha mbali bei ya nyama. Mwaloni watu wanamwangalia sangara tumboni kwanza. Fundi akamjibu kwamba bondo lake amelificha ili wanunuzi wasimwibie.

Nilimwekea kamongo wangu wa Nyarugusu mbele. Aliupitisha mkono kwenye mifereji ya kamba bila kusema neno, kisha akauliza ni watu wangapi walipanda kwa gogo hili. Sikuwa na jibu. Akashauri nisichonge kitu zaidi ya tundu la pua na jicho, nisipake mafuta, na nikifika pwani nisiliweke karibu na bahari, chumvi italimaliza. Kambare wa mgunga alimsifu kwa kichwa, akamkosoa kwa ndevu zilezile mbili zilizopungua, akachukua waya wa mtego chakavu kutaka kuziongeza. Nikamzuia.

Tukiwa hapo akafika mwenye sangara, mama mmoja kutoka Katoro aliyeagiza kwa ajili ya kibanda chake cha stendi. Alimzunguka samaki mara mbili.

"Fundi, mbona hujamaliza?"

"Amekwisha, mama."

"Huyu mweupe hivi? Watasema nauza samaki aliyekufa juzi. Mpake rangi. Mgongo bluu, tumbo fedha."

Nikaingilia, na pengine haikuwa kazi yangu. Nikamweleza mama juu ya jua, maji, miaka ambayo mti ule ulisimama ziwani, na kwamba rangi ya dukani itafunika kitu kisichorudi. Alinisikiliza kwa adabu kamili. Kisha akamgeukia fundi: "Mgeni ana maneno mazuri. Rangi unayo?"

Fundi alikuwa nayo, mkebe uliobaki kwenye mtumbwi. Alimtajia bei ya rangi mbali na bei ya uchongaji, mama akapinga, akasema kwenye bei ya kwanza rangi ilikuwa ndani. Wakashuka, wakapanda, wakaafikiana: mgongo na mapezi bluu, tumbo libaki hivyo hivyo jeupe kwa sababu fedha imekwisha dukani Nkome, na jicho asiliguse. Mama akalipa nusu. Fundi akanipa msasa, akaniambia nikikwangue kichwa kidogo ili rangi ishike, na nikaanza.